Beseni la Calabar: Historia ya Kumfuga Kambare wa Umeme Nyumbani

Utangulizi

Historia ya akwaria, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, husimuliwa karibu kila mara kwa njia moja. Huanza na Jeanne Villepreux-Power, mwanamke Mfaransa aliyetengeneza matangi ya kioo huko Messina, katika kisiwa cha Sicily, mwaka 1832, ili awachunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Huendelea na Robert Warington, mkemia wa London, ambaye mwaka 1850 alieleza jinsi samaki, konokono na mimea ya majini wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja bila maji kuharibika. Kisha linakuja jumba la samaki lililofunguliwa mwaka 1853 katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka 1854 kilichowafanya Waingereza wengi watamani kuwa na tangi kama hilo nyumbani. Tangu hapo, tunaambiwa, samaki aliingia sebuleni.

Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu. Ndani yake Afrika ni mahali pa kuvulia samaki tu. Mito yetu inatoa samaki, na Ulaya inatoa maarifa ya kumweka hai, kumtazama na kumwelewa. Mwanafunzi anayeyasoma akiwa hapa Bujumbura, mji ambao samaki wa Ziwa Tanganyika wamepakiwa kwenye ndege kwenda ng'ambo kwa miaka mingi, hana budi kujiuliza: je, ni kweli kwamba hakuna Mwafrika aliyewahi kumweka samaki hai nyumbani mwake kwa makusudi, akijua anachokifanya na kwa nini anakifanya?

Nitalijibu swali hilo kwa kumfuata samaki mmoja, kambare wa umeme. Ninadai mambo mawili. Kwanza, wakati akwaria ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuenea London, akina mama wa Calabar, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, walikuwa tayari wanamfuga kambare huyu kwenye beseni la maji ndani ya nyumba zao, na walikuwa na sababu ya kumfuga. Pili, kambare huyo alipovuka bahari kwenda kwa wanasayansi wa Ulaya, habari za beseni zilivuka pamoja naye, lakini majina ya wenye beseni hayakuvuka. Mwishoni nitalifikia tangi la sebuleni la siku hizi, ambako mara nyingi kambare huyu hununuliwa na mtu anayemjua kidogo kuliko alivyojulikana Calabar.

Samaki mwenyewe na majina yake

Kambare wa umeme ni wa jenasi ya Malapterurus. Ni samaki wa maji baridi na makazi yake ya asili ni Afrika peke yake: Mto Nile, Niger, Kongo, Ziwa Chad, na hata ziwa letu la Tanganyika. Ana mwili mnene wa mviringo, ngozi laini isiyo na magamba, rangi ya kijivu yenye madoa meusi, midomo minene, macho madogo na ndevu sita. Hana pezi refu la mgongoni kama kambare tuliyemzoea sokoni. Ana kipezi kidogo cha nyama karibu na mkia. Spishi ya Mto Nile inaweza kupita urefu wa mita 1 na kufikia uzito wa kilo 20 hivi.

Kiungo kinachotengeneza umeme kiko chini ya ngozi, nacho kimeuzunguka karibu mwili wote kama koti. Kambare mkubwa anaweza kutoa volti 350. Umeme wa nyumba zetu ni volti 220, lakini ulinganisho huo usitudanganye, kwa sababu pigo la samaki ni la muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa kawaida halimuui mtu mzima. Humfanya aachie wavu, au hata ajikute amekaa chini bila kupenda. Samaki mdogo aliye karibu, yeye hupooza na kuliwa. Kambare huwinda hivyo usiku, na mchana hujificha kwenye mashimo na chini ya mawe.

Watu wa Nile walimjua tangu zamani sana. Katika kaburi la Ti huko Saqqara, lililojengwa yapata mwaka 2400 kabla ya Kristo, amechorwa ukutani miongoni mwa samaki wa mtoni. Miaka mingi baadaye, daktari Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekaa Misri mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, alimweleza kuwa samaki ambaye mtu hawezi kumshika akiwa hai kwa jinsi anavyotetemesha na kutia ganzi.

Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna neno la kusema. Waarabu wa Misri humwita kambare huyu raada. Asili ya jina hilo ni mzizi uleule uliotupatia sisi neno radi. Kwa sababu hiyo, baadhi ya waandishi wamekimbilia kusema kwamba Waarabu waligundua mapema kuwa nguvu ya samaki na nguvu ya radi ni kitu kimoja. Hoja hiyo inavutia, lakini ninaona ni ya haraka. Mzizi huo wa Kiarabu una maana ya kutetemeka pia, na majina ya samaki huyu kwingineko yanafuata maana hiyo. Wafaransa wa Senegal walimwita mtetemeshaji, na Wajerumani mpaka leo humwita Zitterwels, yaani kambare wa kutetemesha. Inaelekea jina la Kiarabu lilieleza kile ambacho mkono wa mvuvi ulihisi. Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili, kilipokuja kumwita kambare wa umeme, kilitumia neno ambalo kabla ya nyaya na balbu lilikuwa na maana ya mmweko wa radi. Kwa hiyo ule uhusiano ambao waandishi waliutafuta katika Kiarabu umo waziwazi katika jina letu sisi, ingawa ni jina jipya.

Mtu wa kwanza kuandika ulinganisho huo kwa hoja alikuwa Michel Adanson, Mfaransa aliyefanya utafiti Senegal kuanzia mwaka 1749. Katika kitabu chake cha mwaka 1757 alisema kwamba pigo la samaki huyu linafanana na lile la chupa ya Leyden. Chombo hicho cha kuhifadhia umeme kilikuwa kimevumbuliwa Ulaya miaka 12 hivi kabla. Tangu siku hizo wataalamu walitamani kumpata kambare huyu akiwa hai mbele yao. Kumpata haikuwa rahisi, kwa kuwa alikuwa anaishi Afrika na safari ya meli ilikuwa ndefu.

Calabar: beseni la akina mama

Calabar ya kale ilikuwa mji wa biashara wa Waefik karibu na mdomo wa Mto Cross. Kwa muda mrefu biashara yake kubwa na Wazungu ilikuwa ya watumwa; katika karne ya 19 mafuta ya mawese yalichukua nafasi hiyo. Mwaka 1846 wamisionari Wapresbiteri wa Scotland, wakiongozwa na Hope Waddell aliyetokea Jamaica, walifika na kufungua misheni. Kama wamisionari wengi wa wakati huo, walituma kwao vitu vya kila aina: mimea, wadudu, ngozi za wanyama, na samaki. Miongoni mwa samaki hao alikuwemo kambare wa umeme. Mwaka 1855 Andrew Murray wa Edinburgh alimweleza kisayansi kuwa spishi mpya na kumpa jina Malapterurus beninensis, ingawa Calabar si Benin.

Pamoja na samaki zilikuja habari za matumizi yake. Wamisionari walieleza kwamba wenyeji humtumia kambare huyu kuwatibu watoto wagonjwa. Samaki huwekwa kwenye chombo chenye maji na mtoto huachwa acheze naye. Au mtoto mwenyewe huwekwa ndani ya chombo kikubwa cha maji, na samaki mmoja au zaidi huwekwa pamoja naye. Mwaka 1857 George Wilson, profesa wa teknolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliongeza jambo ambalo kwa insha hii ndilo kubwa kuliko yote. Aliandika kwamba wanawake wa Calabar huweka samaki hawa katika beseni nyumbani na kuwaogesha watoto wao humo kila siku, ili mapigo yawatie nguvu.

Tuzingatie maneno hayo mawili, nyumbani na kila siku. Samaki wa kitoweo hawekwi hai kwenye beseni siku baada ya siku. Mtu anayetaka kumtumia kambare huyo huyo kesho na keshokutwa lazima amweke hai, na hiyo ni kazi. Maji hayana budi kubadilishwa yanapochafuka. Samaki anahitaji chakula. Beseni linatakiwa kufunikwa au kuwekwa mahali ambapo hataruka na kutoka. Zaidi ya hayo, mama lazima awe amejua kwamba kambare mdogo hutoa pigo dogo na mkubwa hutoa pigo kubwa, na kwamba aliyesumbuliwa mara nyingi huchoka na nguvu zake hupungua mpaka apumzike. Wilson hakuyaandika hayo. Ninayahitimisha kutokana na kazi yenyewe, kwa sababu asiyeyajua asingeweza kumwogesha mtoto mchanga humo kila siku akabaki na mtoto na samaki.

Wilson alistahili sifa kwa jambo moja. Kichwa cha makala yake kiliwataja samaki wa umeme kuwa mashine za kwanza za umeme kutumiwa na binadamu, na aliwaweka akina mama wa Calabar ndani ya hoja hiyo. Hata hivyo, hakutuambia jina la mama hata mmoja. Hatujui walikuwa wa nyumba gani, nani alimfundisha nani, wala ni ugonjwa gani hasa waliutibu. Tunachojua ni majina ya waliotuma barua, waliopokea samaki na waliochapisha makala.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti hiyo vizuri. William Cooper Thomson alikuwa mmisionari wa misheni hiyohiyo ya Calabar katika miaka hiyohiyo. Mke wake alipofariki, ua zuri lenye rangi nyeupe na nyekundu lililopatikana huko lilipewa jina la kisayansi Clerodendrum thomsoniae kwa heshima yake, na leo ua hilo linapandwa katika bustani za dunia nzima. Simlaumu mjane aliyetaka mkewe akumbukwe. Ninaonyesha tu kwamba wakati huo kulikuwa na njia ya kuliingiza jina la mwanamke wa Calabar katika sayansi, na kwamba njia hiyo ilifunguliwa kwa mwanamke mgeni peke yake.

Mwaka 1857: Edinburgh, Berlin na Cairo

Wilson alipokuwa anaandika, kambare kadhaa kutoka Calabar walikuwa tayari wamefika Edinburgh wakiwa hai, na walioweka mkono majini walihisi pigo likipanda mpaka kwenye kiwiko na kwenye bega. Kutoka huko, John Goodsir, profesa wa anatomia, alimtumia baadhi yao Emil du Bois-Reymond wa Berlin mwaka huohuo wa 1857. Du Bois-Reymond alikuwa bingwa wa kuchunguza umeme katika misuli na neva, lakini umeme wa misuli ni mdogo mno na kuupima ni tabu. Sasa alikuwa na mnyama ambaye umeme wake ulitosha kuwarusha watu.

Alimweka kambare kwenye chombo cha maji na kuyatumia mapigo yake kama mtafiti anavyotumia mashine. Misuli ya mguu wa chura ilikuwa kipimo chake: ikishtuka, ni ishara kwamba samaki ametoa umeme. Swali lililomshughulisha ni moja ambalo hata mtoto angeuliza. Kwa nini kambare hajipigi mwenyewe? Alipopitisha umeme wa mashine majini, samaki wengine walitaabika, lakini kambare wa umeme hakuonekana kusumbuka sana.

Mwaka huohuo, huko Leipzig, kilichapishwa kitabu cha Theodor Bilharz juu ya kiungo cha umeme cha kambare huyu. Jina la Bilharz linafahamika katika kila zahanati ya kandokando ya maziwa yetu, kwa sababu ndiye aliyegundua mnyoo wa kichocho mwaka 1851 akiwa daktari Cairo, na ugonjwa huo ukaitwa bilharzia. Wengi hatuambiwi kwamba daktari huyo alimpasua pia kambare wa Nile na kuona jambo la ajabu: kila upande wa mwili, kiungo chote cha umeme kinaendeshwa na uzi mmoja tu wa neva. Kwa hiyo sehemu zote za kiungo hulipuka kwa pamoja, kama bunduki nyingi zinazosubiri amri moja.

Maarifa hayo yalikuwa makubwa, na sidhani yanapungua kwa kuwa yalipatikana Ulaya au kwa Mzungu aliyekuwa Misri. Ninachotaka kuonyesha ni namna yalivyopangwa. Mwaka 1855, ule ule wa makala ya Murray, daktari Guillaume Duchenne alichapisha Paris kitabu chake cha kutibu wagonjwa kwa umeme wa mashine, na tiba hiyo ikaingia katika historia ya utabibu. Miaka 1,800 kabla yake, Scribonius Largus wa Roma alipendekeza samaki wa umeme wa baharini kwa maumivu ya kichwa na ya miguu, na yeye pia yumo katika historia hiyo. Akina mama wa Calabar walifanya jambo la aina hiyohiyo kwa samaki wa mto wao, na mara nyingi wanawekwa kwenye orodha ya desturi za kushangaza. Tendo ni moja, lakini Paris liliitwa tiba, na Calabar likaitwa desturi.

Kutoka maabara hadi sebuleni

Kambare wa umeme asingeweza kuwa samaki wa nyumbani huko Ulaya kwa wingi katika karne ya 19. Ni samaki wa maji ya joto, na nyumba za Ulaya wakati wa baridi zingemuua. Mambo matatu ya karne ya 20 yaliubadilisha ufugaji. La kwanza ni hita ndogo ya umeme inayoweka maji katika joto la nyuzi 25 hivi usiku na mchana. La pili ni ndege pamoja na mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, ambao ulifanya samaki avuliwe Afrika na baada ya siku chache awe dukani Ulaya au Marekani. La tatu ni gundi ya silikoni, ambayo tangu miaka ya 1960 na 1970 iliwezesha kuunganisha vioo bila fremu ya chuma, na matangi yakawa makubwa na ya bei nafuu.

Nchi yetu imo katika sura hii. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa amefanya kazi ya kukusanya samaki huko Kongo, alihamia Burundi na kuwa mmoja wa watu waliozifanya samaki za Ziwa Tanganyika zijulikane na wafugaji wa dunia nzima. Kitabu chake juu ya samaki hao kilitoka mwaka 1978. Wengi wa waliosafirishwa walikuwa sikilidi, samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye miamba. Kambare wa umeme wa ziwa letu hakuwa maarufu hivyo. Hata jina lake la kisayansi, Malapterurus tanganyikaensis, alilipata mwaka 2000 tu, alipoelezwa na Tyson Roberts, yaani zaidi ya miaka 140 baada ya ndugu yake wa Calabar.

Anayemnunua kambare wa umeme leo kwa kawaida humkuta dukani akiwa na urefu wa kidole. Anapendeza, ana midomo minene na macho madogo, na hadithi ya umeme inavutia wageni. Baadaye mambo hubadilika. Haiwezekani kumweka na samaki wengine, kwa kuwa wadogo atawala na wakubwa atawapiga. Hata wa spishi yake mwenyewe hupigana naye. Mchana kutwa amejificha ndani ya bomba au chini ya jiwe, na mwenye tangi anabaki anatazama maji. Kusafisha tangi kunahitaji glavu za mpira na wavu wenye mpini usio wa chuma. Mfuniko unapaswa kuwa mzito.

Juu ya yote hayo anakua. Tuchukue tangi ambalo watu wengi wangeliita kubwa, lenye urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Linachukua lita 243, na maji peke yake yana uzito wa kilo 243, kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Kambare wa sentimita 100 hawezi hata kugeuka vizuri katika upana wa sentimita 45. Tatizo hili si lake peke yake. Kambare wa Amazon mwenye mkia mwekundu, anayeuzwa akiwa na sentimita chache na kupita mita 1 akikua, ndiye anayejulikana zaidi kwa kuwashinda wenye nyumba. Wengi huomba akwaria za umma ziwachukue samaki wao, na akwaria hizo haziwezi kuwapokea wote. Wengine humwaga samaki mtoni, na hapo madhara huanza. Jimbo la Florida nchini Marekani lilipata kambare watembeao wa Asia katika miaka ya 1960, walipotoroka kwenye mabwawa ya wafanyabiashara wa samaki wa kufugwa, na mpaka leo hawajaondoka.

Pingamizi tatu

Msomaji anaweza kunipinga kwa hoja tatu, na zote zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba beseni si akwaria. Akwaria ina kioo, mimea na mizani ya viumbe, na lengo lake ni kutazama. Ninakubali. Sisemi kwamba akina mama wa Calabar walivumbua akwaria ya Warington. Ninasema kwamba historia ya kumweka samaki hai nyumbani ni pana kuliko historia ya kioo. Tukishikilia kioo kuwa ndiyo sharti, tumekwisha kuamua mshindi kabla ya kuanza, kwa sababu kioo cha bei nafuu kilikuwa Uingereza, ambako kodi ya vioo ilifutwa mwaka 1845.

Hoja ya pili ni ya ushahidi. Habari za beseni zimetufikia kwa kalamu za wamisionari na maprofesa, ambao huenda walikuza au hawakuelewa walichokiona. Hili pia ni kweli. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa Burundi tuna bahati ya kusoma kazi za Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi ya nchi yetu na kutufundisha kwamba kila ushahidi, wa mdomo au wa maandishi, hupimwa kwa kuuliza nani alisema, alipata wapi na alikuwa na faida gani. Wamisionari hawakuwa na faida ya kuwasifu waganga wa Calabar, kwa kuwa walikwenda kupinga desturi nyingi za huko. Habari inayomfaa mwingine kuliko msemaji wake ina haki ya kuaminiwa kiasi. Samaki wenyewe, nao, walikuwepo Edinburgh na waliwapiga watu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: je, tiba hiyo ilikuwa njema? Mtoto mchanga ndani ya maji pamoja na samaki wa umeme ni jambo la hatari. Pigo linaweza kumfanya azame au limdhuru kwa namna nyingine, na mtoto hakuulizwa. Siisifu tiba hiyo, na mtu yeyote asiijaribu. Lakini kutambua kwamba watu walikuwa na maarifa si sawa na kusema kwamba kila walichofanya kwa maarifa hayo kilikuwa chema. Duchenne na wenzake nao waliwapitishia wagonjwa umeme bila kujua madhara yake yote, na hatukuwafuta kwenye vitabu kwa sababu hiyo.

Hitimisho

Kambare wa umeme amefugwa kwa sababu tatu tofauti. Calabar alikuwa dawa, Berlin alikuwa chombo cha utafiti, na sebuleni ni pambo. Mama wa Calabar alihitaji kumjua kwa sababu mwanawe alikuwa ndani ya maji yaleyale. Du Bois-Reymond alihitaji kumjua kwa sababu swali lake lilitegemea samaki kubaki hai. Mnunuzi wa leo anaweza kumpata bila kumjua kabisa, na mara nyingi samaki ndiye anayelipa gharama ya kutojulikana huko.

Kwa wenzangu wanafunzi na kwa walimu wetu nina mapendekezo mawili. Tunapofundisha au kuandika historia ya sayansi kwa Kiswahili, tuiweke Calabar mahali pake, kabla ya Berlin na sambamba na London, na tuseme waziwazi kwamba majina ya akina mama wale hayakuandikwa na waliopata habari zao. Pili, sisi tulio karibu na maziwa tuwaulize wavuvi wazee, wakiwa bado wapo, wanamwitaje kambare huyu, wanamshikaje na walimtumia kwa lipi. Maswali hayo aliyeuliza Calabar katika miaka ya 1850 alikuwa mgeni, akaandika jibu na kuliacha jina la aliyemjibu. Sisi tukiyauliza, tuyaandike yote mawili.